Mzazi Hafungi Jalada: Vijana Wanaotoka Malezini Wanapotimiza Miaka 18

Hotuba iliyotolewa Bagamoyo mbele ya madiwani, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini, wakuu wa makao ya watoto na familia za kuaminika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, ndugu maafisa ustawi na maendeleo ya jamii, masheikh, mapadre na wachungaji, walezi, na ninyi wanangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na shikamooni wale wote wanaostahili shikamoo yangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya msaada wa Serikali kwa vijana wanaotoka katika malezi mbadala, yaani waliolelewa makaoni au kwa familia zisizo zao, na kuanza kujitegemea. Nitaanza na sheria, kwa kuwa sheria ndiyo iliyowaleta vijana hawa mikononi mwetu. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na juu ya huyo inatandaza ulinzi mpana: mahakama inaweza kuagiza aondolewe mahali penye hatari, anaweza kuwekwa kwa mtu wa kuaminika, yaani asiye ndugu yake aliyeidhinishwa na afisa ustawi kumlea, katika malezi ya kambo au katika makao ya watoto yenye leseni, na mamlaka za serikali za mitaa zimepewa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wake. Siku anapotimiza miaka 18 ulinzi huo unafika ukingoni. Kijana ni yule yule aliyelala jana usiku. Kilichobadilika ni kwamba tangu asubuhi hiyo hakuna ofisi ambayo, ikiulizwa kijana huyu ni wa nani, italazimika kujibu kwamba ni wake.

Hoja yangu leo ni moja. Serikali inapomchukua mtoto, ama kwa kumtoa kwa watu waliomdhuru ama kwa kumkuta hana mtu, inajitwika uzazi, na mzazi hafungi jalada la mwanawe kwa kuangalia kalenda. Bado sijamwona mvuvi wa Dunda wala mkulima wa mananasi wa Kiwangwa anayemkabidhi mwanawe mfuko wa nguo siku anapotimiza miaka 18 na kumwambia asirudi. Mwana wa mvuvi huyo ataendelea kula chungu kimoja na babaye, atakwenda kujaribu maisha Dar es Salaam, yatamshinda, atarudi, kisha atakwenda tena, na hakuna atakayeshangaa. Kwa kijana aliyelelewa makaoni kurudi hakupo, kwa sababu kitanda chake kimeshapewa mtoto mwingine, ambaye naye alikihitaji kweli.

Wapo watakaosema kwamba sheria imeweka mpaka na mpaka ni lazima uwepo. Nakubali kwamba mpaka ni lazima uwepo. Lakini sheria hiyo hiyo, inapozungumzia amri ya matunzo dhidi ya mzazi, inairuhusu mahakama kuiendeleza amri hata baada ya mtoto kutimiza miaka 18, iwapo bado yuko masomoni au mafunzoni. Maana yake ni kwamba baba aliyetengana na mama anaweza kulazimishwa kumtunza mwanawe mwenye miaka 19 anayesoma chuo cha ufundi. Sioni ni kwa msingi gani Serikali, ikiwa imeshika nafasi ya mzazi, ijisamehe deni ambalo inamdai mwananchi maskini.

Tazameni pia hesabu ya shule. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akasoma miaka saba ya msingi na minne ya sekondari bila kukwama popote, anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18. Huyo ni mtoto aliyekaa kwao kwa utulivu. Wengi wa watoto wetu hawakuanza hivyo. Aliyekutwa stendi akiwa na miaka 10, hajui kusoma, hurudishwa nyuma madarasa kadhaa, na miaka 18 inamkuta kidato cha kwanza au cha pili. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za umma haina ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ulifikishwa kidato cha sita, jambo ambalo ni la kushukuru; lakini msamaha wa ada haumpi mwanafunzi pa kulala wala chakula cha usiku. Kwa haki niseme kwamba makao mengi huwaacha vijana hawa wamalize kidato cha nne. Wanaachwa kwa huruma ya mkuu wa makao na ya wafadhili, na huruma, pamoja na uzuri wake wote, haina mahali pa kukatiwa rufaa: mfadhili akisita, au uongozi wa makao ukibadilika, kijana hana wa kumwendea na kusema kwamba amenyimwa stahili yake.

Sasa nije kwenye karatasi, na hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokwama, na hapa ndipo sisi wa wilayani tunapoweza kufanya mengi bila kusubiri fedha kutoka Dodoma. Utu uzima katika nchi hii huanza na cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo. Bila cheti hicho safari ya kitambulisho cha Taifa inakuwa ndefu sana. Bila namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho hivyo, kijana hawezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, kama inavyotakiwa sasa. Bila laini hana mahali pa kupokelea fedha, na siku hizi hata kibarua wa kubeba matofali hulipwa kwa simu. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani hatua kwa hatua, utawafaa wale ambao ni wadogo sasa. Hawa wanaokaribia kutoka, wengi wao haukuwawahi, na wapo ambao hata mahali walipozaliwa hapajulikani.

Fomu ya kitambulisho humuuliza mwombaji habari za baba na mama yake. Kwa walio wengi humu ukumbini hilo ni swali jepesi. Kwa kijana aliyeachwa mlangoni mwa zahanati kitovu kikiwa bado kibichi, ni swali lisilo na jibu, na karani wa dirishani, ambaye hakuelekezwa la kufanya, humwambia arudi na mzazi. Afisa ustawi anayo majibu. Ana jalada lenye tarehe ya kupokelewa, taarifa ya polisi, amri ya mahakama na jina alilopewa mtoto; kwa mambo ya karatasi, jalada hilo ndilo linalosimama mahali pa mzazi. Lakini kijana akishatoka, jalada hubaki kabatini na yeye hubaki barabarani, na afisa aliyelifungua pengine ameshahamishiwa wilaya nyingine. Ikiwa kuna jambo moja tu mtakalolichukua katika maneno yangu, naomba liwe hili: cheti cha kuzaliwa na maombi ya kitambulisho vishughulikiwe kijana akiwa bado makaoni, na anapotoka apewe nakala zilizothibitishwa za yale yaliyomo katika jalada lake ambayo atahitaji kuyaonyesha maisha yake yote, yakiwemo ya afya na ya shule.

Mkopo wa elimu ya juu ni mfano mwingine. Bodi ya Mikopo huwaangalia yatima kwa jicho la pekee, na wengi wamesoma vyuo vikuu kwa njia hiyo. Ili kuthibitisha uyatima, mwombaji hutakiwa kuleta vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, na utaratibu huo una sababu yake, maana wapo waliojifanya yatima na baba zao wako hai, wana maduka. Lakini yule ambaye hakuwahi kuwajua wazazi wake atapata wapi cheti cha kifo cha mtu asiyemjua jina? Huyu ndiye mhitaji kuliko yatima wote, na huyu ndiye ambaye uthibitisho humwia vigumu kuliko wote. Kisha fomu inataka mdhamini, mtu mzima mwenye kitambulisho, atakayeweka saini kwamba anamjua mwombaji na yuko tayari kusimama naye.

Habari ya mdhamini haiishii kwenye mikopo. Ukitaka kupanga chumba Magomeni au Nianjema hapa Bagamoyo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, mara nyingi sita, pamoja na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Ukitaka bodaboda ya mkataba, mwenye pikipiki anataka mtu anayejulikana nyuma yako. Ukitaka kazi ya dukani, ya ulinzi au ya hotelini, utaombwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa, kwa haki kabisa, hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Hamjui kwa sababu kijana alikaa miaka kumi ndani ya uzio, akipelekwa shule kwa gari la makao na kurudishwa kwa gari hilo hilo. Hakutumwa gengeni. Hajawahi kununua fungu la nyanya na kupatana bei, wala kupika wali wa mtu mmoja, kwa kuwa amezoea kuona wali ukipikwa kwa sufuria ya watu arobaini. Mazishini hakwenda, harusini hakwenda, hata mpira wa mtaani amecheza na wenzake wa ndani. Nasema haya nikijua kwamba wakuu wa makao mliopo hapa mtaninunia: uzio mlioujenga kwa ajili ya usalama wa mtoto unamnyima, akikua, watu ambao wangemdhamini. Tafuteni namna ya kumlinda mtoto mdogo bila kumficha kijana wa miaka 16.

Jibu letu la kawaida, miaka 18 inapokaribia, limekuwa kumtafutia kijana jamaa. Mimi ni mwumini wa malezi ya kifamilia. Sheria yetu inaelekea huko, na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa Malezi Mbadala ya Watoto, uliopitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2009, unataka makao yatumike pale tu yanapokuwa ya lazima na yanamfaa mtoto husika. Mwongozo huo huo unataka matayarisho ya kutoka yaanze mapema iwezekanavyo, na pale inapowezekana kila kijana awe na mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Lakini kumpakia kijana kwenye basi na kumpeleka Handeni au Kilosa kwa baba mdogo ambaye hawajaonana tangu akiwa mtoto wa miaka minne si kumuunganisha na familia. Wahenga walimwekea mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe, na kijana huyu huwa hata jembe hajui kulishika. Baada ya mwezi anakuwa mjini, bila taarifa yoyote kwa aliyempeleka. Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi, kwa sababu milango miwili huwa wazi kwao daima, kazi za ndani Dar es Salaam na ndoa ya haraka, na wote wawili huingiwa bila mtu wa kuuliza mshahara utalipwa vipi au mwoaji ni nani. Na kijana mwenye ulemavu, ambaye hakuna jamaa anayejitokeza kumchukua, huachwa akikaa makaoni akiwa mtu mzima, bila mpango wowote, kwa sababu tu hakuna anayethubutu kumtoa.

Mji huu wetu una kumbukumbu ndefu ya jambo hili, na ni ajabu kwamba hatuitumii. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja na kuanzisha misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa waliowakusanya walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na kabila la kurudia wala shangazi wa kuwapokea. Misheni iliwafundisha kilimo na ufundi, lakini haikuishia kwenye mafunzo. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na kiwanja cha kulima katika kijiji kilichojengwa ndani ya ardhi ya misheni, na mwaka 1877 baadhi ya familia hizo zilikwenda na mapadre kuanzisha misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Sitaki kuipamba historia hiyo. Wale vijana waliendelea kuwa chini ya kanuni kali na kulima mashamba ya wakubwa wao, na wapo waliotoroka, ambao siwalaumu. Ninachokiona ni kwamba, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, wageni wale walikuwa wameshatambua kwamba mtoto asiye na kwao hatolewi mikono mitupu. Anahitaji paa, kazi na majirani. Walichokosea ni kudhani kwamba kwa kumpa hivyo vitatu wamepata haki ya kumtawala.

Masheikh waliopo wanaijua vizuri aya ya sita ya Suratun-Nisaa, inayoagiza namna ya kumkabidhi yatima mali yake. Haikutaja idadi ya miaka. Inataka yatima ajaribiwe kwanza, mpaka afikie umri wa kuoa na ionekane kwamba ameshakomaa kiakili, ndipo akabidhiwe, na siku ya kukabidhiwa wawepo mashahidi. Mambo yote matatu yanakosekana katika utaratibu wetu wa sasa. Hatumjaribu kijana kwa kumpa fedha kidogo aitumie na aeleze alivyoitumia. Hatupimi kama yuko tayari. Na hatuweki mashahidi, kwa maana ya watu wa mtaani wanaojua kwamba fulani leo anaanza maisha yake na sisi tumesimama naye.

Nchi nyingine zimelipitia tatizo hili, na zimejifunza taratibu, tena kwa gharama ya vijana wenyewe. Wamarekani, ambao kwa miaka mingi waliona vijana takriban 20,000 kila mwaka wakitoka katika malezi ya kambo kwa sababu tu ya umri, walianza katikati ya miaka ya 1980 kwa kutenga fedha za kuwafundisha stadi za kujitegemea. Mafunzo peke yake hayakutosha. Mwaka 1999 walipitisha sheria ambayo mpango wake unaitwa kwa jina la Seneta John Chafee, aliyefariki mwaka huo huo, na fedha za serikali kuu zikapandishwa kutoka dola milioni 70 hadi milioni 140 kwa mwaka, sehemu yake ikiruhusiwa kutumika kwa kodi ya nyumba. Muda si mrefu wakaongeza hati za masomo za hadi dola 5,000 kwa mwaka kwa kila kijana. Mwaka 2008 wakayaruhusu majimbo kuwaweka vijana katika malezi hadi miaka 21 kwa kuchangiwa na serikali kuu, na wakalazimisha mpango wa kutoka, uliotengenezwa pamoja na kijana mwenyewe, uwe umeandikwa katika siku 90 kabla ya kuondoka kwake. Sheria ya mwaka 2014 ikaja na jambo ambalo nimewaambia kuhusu karatasi: kijana asitoke bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, kitambulisho, taarifa za bima na kumbukumbu zake za afya.

Kinachonivutia zaidi katika mlolongo huo ni bima ya afya. Sheria yao ya mwaka 2010 iliwaruhusu wazazi kuwaweka watoto wao katika bima zao hadi watimize miaka 26. Watunga sheria wakajiuliza, na huyu ambaye mzazi wake ni serikali, atakaa katika bima ya nani? Wakaandika kwamba naye, tangu mwaka 2014, atabaki katika bima ya umma hadi umri huo huo. Hakuna aliyehitaji kutoa hotuba ya huruma; walichukua kipimo cha mzazi wa kawaida na kujipimia wenyewe. Sisi tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wakati wa kuwafikiria vijana hawa katika utekelezaji wake ni huu, kabla mazoea hayajageuka kuwa kanuni.

Sisemi kwamba Wamarekani wamemaliza kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Mark Courtney, waliwafuatilia vijana wa majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin tangu wakiwa na miaka 17 hadi 26. Illinois ilikuwa ikiwaruhusu kubaki hadi miaka 21, na vijana wake walionekana kuingia vyuoni kwa wingi kuliko wenzao waliotolewa mapema. Hata hivyo, walipofika miaka 26, vijana wa majimbo yote matatu bado walikuwa nyuma sana ya rika lao kwa elimu na kipato. Kuongeza miaka kunasaidia. Kuongeza miaka bila mtu wa kuwa karibu na kijana hakutoshi. Waingereza walilielewa hilo katika sheria yao ya mwaka 2000 ya watoto wanaotoka malezini, iliyomtaka kila kijana awe na mshauri wake binafsi na mpango ulioandikwa, na mwaka 2017 wakampa haki ya mshauri huyo hadi miaka 25. Na kwa wale wanaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, Afrika Kusini, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, inamruhusu kijana kuomba abaki katika malezi mbadala hadi miaka 21 ili amalize masomo au mafunzo yake.

Turudi kwetu. Serikali Kuu ina makao yake, ya Kurasini na ya Kikombo, lakini makao mengi nchini yanaendeshwa na taasisi za dini na watu binafsi, na mchango mkubwa wa Serikali kwayo ni leseni na ukaguzi. Basi tuanzie kwenye ukaguzi. Tunapokwenda kukagua tunahesabu vitanda, tunatazama vyoo, jiko na daftari la mahudhurio. Tuongeze swali moja: waliotoka hapa mwaka jana na mwaka juzi wako wapi, na nani aliongea nao mara ya mwisho? Makao ambayo hayawezi kujibu yapewe muda wa kujirekebisha kama ambavyo yangepewa kwa choo kibovu.

Halmashauri nayo inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 na baadaye ukarejeshwa. Naisikia mikopo hiyo ikitajwa kila mara kama jawabu la vijana wetu, na mimi nina wasiwasi nayo. Mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa chenye watu wanaofahamiana na wanaoaminiana, na tumeshaona kwamba kufahamika ndiko vijana hawa wanakopungukiwa. Pili, mkopo ni deni. Kijana wa miaka 19 asiye na chumba cha uhakika, akiumwa malaria wiki mbili, atakula mtaji, na atakuwa ameanza utu uzima akiwa mdaiwa wa Halmashauri. Anachohitaji kwanza ni kianzio kisicholipwa: kodi ya miezi ya mwanzo, godoro, jiko, na vifaa vya kazi aliyoisomea, cherehani ikiwa ni fundi nguo, mwiko na timazi ikiwa ni mwashi. Mkopo uje mwaka wa pili au wa tatu, akishajulikana mtaani, na maafisa maendeleo ya jamii wamsaidie kuingia katika kikundi kilichokwisha simama badala ya kuwakusanya vijana watano wa makao na kuwaambia wawe kikundi.

Nafasi za mafunzo hazikosekani. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na hapa mjini tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambako kijana mwenye kipaji cha ngoma au uchoraji anaweza kusoma huku akiwa bado karibu na waliomlea. Mcheza kwao hutunzwa, nao hapa ndipo kwao. Kinachokosekana ni malazi na nauli wakati wa masomo. Hapo napendekeza tusijenge bweni jipya. Majengo huvutia wafadhili na mawe ya msingi, lakini bweni la vijana wakubwa ni makao kwa jina jingine. Fedha hiyo hiyo ikigawanywa kwa familia za kuaminika zilizo tayari kukaa na kijana hadi amalize mafunzo, hata kama ni ya gunia la mchele na umeme tu, itampa chumba na watu kwa pamoja. Familia nyingi zinazolea tayari hufanya hivyo kimya kimya, na hakuna hata barua ya ahsante inayowafikia.

Juu ya hayo yote, kila kijana awe na mtu mzima mmoja, mwenye jina na namba ya simu, aliyekubali mwenyewe, aliyeanza kumfahamu angalau tangu kijana akiwa na miaka 15. Asiwe lazima mtumishi wa Serikali. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, fundi aliyemfundisha kazi, mama wa jumuiya au ustadhi wa madrasa, ilimradi afisa ustawi amemchunguza na anazungumza naye mara kwa mara. Na pale ambapo sheria au desturi inataka mdhamini na kijana hana, barua ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ikubalike mahali pa mzazi, kwa Bodi ya Mikopo, kwa NIDA, na kwa mwenye nyumba wa Magomeni. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji ofisi zikae meza moja na kukubaliana.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na waheshimiwa madiwani mnajua kwamba kisichokuwa na kasma, yaani fungu lake la fedha, katika bajeti hakipo. Kasma haiwezi kuombwa bila majina. Kwa hiyo naomba, kabla hatujatawanyika baada ya chai, kila mkuu wa makao na kila familia ya kuaminika iliyopo humu iandike jina na umri wa kila kijana aliyefikisha miaka 15, darasa alilopo, karatasi alizonazo na alizokosa, na jina la mtu mzima aliye karibu naye, kama yupo. Orodha isibandikwe ukutani, maana ni siri za watoto. Akabidhiwe afisa ustawi wa wilaya mkononi. Na ninyi wanangu wa kule nyuma, ambao mmeshatoka na mnajua ni wapi mlikwama, naomba mkae na maafisa hawa wanapoipitia, muwaambie ni dirisha gani mlirudishwa na mliambiwa nini. Afisa wa RITA na wa NIDA wamekubali kubaki hadi saa kumi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.